Kliniki ya Macho Gerezani: Mwongozo Kamili kwa Wahudumu wa Macho

Jicho la mfungwa hupimwa kama jicho la mtu mwingine yeyote. Chati ni ile ile, tochi ni ile ile, na mtoto wa jicho haulizi mtu amehukumiwa miaka mingapi. Ugumu uko pembeni ya kipimo. Mtu wa uraiani miwani ikimbana atarudi kukugombeza, na matone yakimwishia atamtuma mtoto duka la dawa. Wa gerezani hana njia hizo. Miwani isipomfaa ataiweka chini ya godoro, na wewe hutapata habari.

Kwa hiyo panga kazi hii kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kabla hujamkalisha mtu wa kwanza mbele ya chati, ujue miwani yake itapitaje langoni, itakabidhiwa na nani, na ni nani atakayehakikisha anawekewa dawa Jumapili jioni wakati zahanati imefungwa. Bila majibu ya maswali hayo, kupima kunaishia kwenye orodha ya watu waliopimwa tu.

Jambo jingine la kuamua mapema ni ukubwa wa kazi. Kambi ya siku moja yenye mabango inavutia wafadhili, lakini mimi ningechagua kliniki ndogo inayorudi kila baada ya miezi 3. Magonjwa mengi ya macho yanataka mtu arudiwe, na mfungwa hawezi kukufuata.

Haki anayokuja nayo mgonjwa

Kanuni za Umoja wa Mataifa za kiwango cha chini cha kuwatendea wafungwa zilipitishwa mara ya kwanza mwaka 1955, zikafanyiwa marekebisho na kupitishwa na Baraza Kuu Desemba 2015 kwa jina la Kanuni za Nelson Mandela. Tatu kati yake zinakuhusu moja kwa moja. Kanuni ya 24 inasema afya ya wafungwa ni jukumu la serikali, na huduma iwe ya kiwango kile kile kinachopatikana katika jamii, bila malipo na bila ubaguzi. Ya 27 inasema uamuzi wa kitabibu ni wa wahudumu wa afya peke yao. Mtumishi wa gereza asiye wa tiba haruhusiwi kuupindua wala kuupuuza. Ya 31 inataka uchunguzi ufanywe kwa faragha kamili.

Zichapishe kwenye karatasi moja. Usimpungie nayo askari wa zamu langoni. Huyo anatekeleza amri tu. Mpe mkuu wa gereza siku ya kikao cha kwanza, kwa heshima, iwe sehemu ya makubaliano yenu.

Na jina la kanuni hizo lina uhusiano wa karibu na macho. Mandela na wenzake walifanyishwa kazi katika machimbo ya chokaa kwenye Kisiwa cha Robben, mahali ambapo jua liliakisiwa na mawe meupe na kuwapiga usoni kutwa nzima. Waliomba miwani ya jua wakanyimwa. Ruhusa ilikuja baada ya takriban miaka 3, na hata hapo ikabidi wajinunulie. Mirija ya machozi ya Mandela iliharibika, na mwaka 1994, akiwa rais, alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jifunze hapo swali la kwanza la kuuliza kila gereza: watu hawa wanafanya kazi gani? Kuponda mawe, kuchomelea vyuma, kupasua mbao, kuchanganya chokaa, zote hizo zinataka miwani ya kukinga, na kuipendekeza kwa maandishi ni sehemu ya kazi yako.

Hatua ya 1: Kikao na uongozi wa gereza

Nenda wewe mwenyewe, tena mapema. Uliza idadi ya wafungwa na mahabusu, wangapi wamepita miaka 40, kama kuna wanawake na vijana, na nani anaendesha zahanati. Uliza saa za kuhesabu watu, saa ya chakula na saa ya kufunga milango, kwa sababu saa hizo zitakula kliniki yako. Ukiambiwa unaruhusiwa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 mchana, panga wagonjwa wa kutosha muda wa saa 4 tu. Hesabu ikigoma kutimia, hakuna mtu atakayesogea hadi itimie, na wewe utakaa unatazama viti vitupu.

Uliza pia siku za mahakama. Mahabusu wenye kesi hupakiwa kwenye karandinga alfajiri na kurudi jioni. Kliniki ikiangukia siku hiyo, utawakosa wale wale wanaohitaji kusoma nyaraka zao.

Toka kwenye kikao ukiwa na mambo haya kwa maandishi: jina la askari mratibu mmoja, aina ya fremu zinazoruhusiwa, nani analipia miwani na dawa, na utaratibu wa kumtoa mgonjwa nje usiku jicho likiwa katika hatari. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Jicho lililopasuka saa 2 usiku halisubiri mkuu wa gereza arudi ofisini.

Hatua ya 2: Kuchuja, na nani anaandika orodha

Orodha ikiandikwa na nyapara peke yake, itakuwa na marafiki wa nyapara. Ikiandikwa na askari peke yake, itakuwa na wanaosumbua na wanaopendwa. Walio kimya, hasa wazee ambao wameshajizoesha kuona ukungu, hawatatajwa na yeyote. Dawa yake ni kumchuja kila mtu, na mahali pazuri pa kuanzia ni pale anapopokelewa gerezani, kwani uchunguzi wa afya wakati wa kupokelewa unapaswa kuwapo kwa vyovyote.

Mfundishe muuguzi wa zahanati kutumia chati ya herufi E inayogeuzwa pande nne. Inamfaa asiyejua kusoma na haimwaibishi, kwani kila mtu anaonyesha kwa mkono E imeelekea wapi. Umbali ni mita 6. Chati za mita 3 zipo kwa vyumba vidogo. Kamba ya kupimia umbali mara nyingi hairuhusiwi ndani, kwa hiyo omba alama mbili zipakwe rangi sakafuni. Jicho moja moja, lingine likifunikwa kwa kiganja bila kulikandamiza. Asiyefikia 6/12, yaani anayeshindwa kusoma kwa mita 6 mstari ambao jicho zima huusoma kwa mita 12, kwa jicho lolote aingie kwenye orodha.

Wapo wanaoingia bila kujali chati inasema nini: wenye kisukari, wanaoishi na VVU, wanaotumia dawa za kifua kikuu, wenye jicho moja tu linaloona, waliopigwa usoni, wenye ndugu waliopofuka kwa glaukoma (ugonjwa unaoharibu polepole mshipa wa fahamu wa jicho), na kila aliyepita miaka 40 ambaye hana miwani ya kusomea.

Weka watu wanaosubiri mahali wasipoiona chati. Foleni ikikaa inaitazama, itakaririwa.

Hatua ya 3: Kupita langoni

Andika orodha ya kila kifaa, nakala mbili, ikaguliwe ukiingia na ukitoka. Kila kifaa maana yake kila kifaa. Kasha la lenzi za majaribio lina vipande zaidi ya 200 vya kioo vyenye ukingo wa chuma, na lenzi moja ikipotea gereza zima linaweza kufungwa ipekuliwe kila seli. Chukua lenzi unazohitaji tu, kwenye trei yenye matundu ambayo pengo linaonekana kwa jicho. Hesabu lenzi kila mgonjwa anapoinuka, usisubiri mwisho wa siku.

Vya kuchukua: chati ya mbali na ya karibu, kifuniko chenye tundu dogo, tochi, retinoskopu, ofthalmoskopu, fremu ya majaribio, rula ya kupimia umbali kati ya mboni, tonometa (kipima presha ya jicho) ya kushika mkononi, karatasi za fluoresini (rangi inayoonyesha mikwaruzo ya jicho), matone, glovu. Tonometa isiyohitaji ganzi inakuokolea muda na chupa moja ya dawa. Betri za akiba ziandikwe kwa idadi.

Simu hubaki nje, pamoja na programu zako zote za kupimia. Zoea karatasi. Kamera ya kupiga picha ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huhitaji kibali maalumu, na picha ionyeshe retina peke yake, isiwe na uso.

Matone yanataka uangalifu ambao wengi hawautarajii. Tropikamaidi, dawa ya kawaida ya kupanua mboni, imejulikana katika baadhi ya nchi kutumiwa kama kilevi kwa kudungwa mshipani. Chupa zikae mfukoni mwako au mbele ya macho yako. Matone ya ganzi nayo usimpe mtu yeyote aondoke nayo, hata akilia maumivu: yakitumiwa mfululizo huila konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho.

Hatua ya 4: Chumba

Unahitaji umbali, mwanga unaoweza kuupunguza, na faragha. Punguza mwanga, usiuzime kabisa. Hakuna askari atakayekubali giza, na yuko sahihi. Kaa upande wa mlango, mgonjwa asiwe kati yako na njia ya kutokea, na ujue kengele ya dharura iko wapi.

Askari asimame mahali anapoweza kuona bila kusikia. Kioo cha mlangoni au mlango uliorudishwa nusu hutosha mara nyingi. Akisisitiza kukaa ndani, mweke nyuma ya mgonjwa kwenye kona ya mbali na upunguze sauti. Pingu ziombewe zifunguliwe kwa sababu za kitabibu zinazoeleweka: mtu aliyefungwa mikono nyuma hawezi kuegemeza kidevu kwenye kifaa, na akishtuka kwa mwanga hawezi kujizuia asianguke.

Hatua ya 5: Uchunguzi

Usiulize kosa. Halibadilishi tiba hata kidogo, ila linaweza kukubadilisha wewe. Jitambulishe, sema umetoka wapi, na umweleze kwamba anaweza kukataa kupimwa na kwamba kukataa hakutaandikwa kama utovu wa nidhamu. Kisha uliza: tatizo lilianza lini, jicho moja au yote, kuna maumivu, aliwahi kupigwa kichwani, anatumia dawa gani, na anahitaji macho kwa kazi gani. Swali la mwisho hufungua mengi. Fundi cherehani wa gereza, anayesoma kwa mtihani na anayejiandalia rufaa mwenyewe wanahitaji miwani ya umbali tofauti.

Pima uoni wa mbali kila jicho, kisha weka kifuniko chenye tundu dogo. Akiona vizuri zaidi kupitia tundu, tatizo kubwa ni la miwani. Asipopata nafuu, tafuta ugonjwa. Kwa tundu hilo tu unaweza kupanga foleni nzima kwa siku moja: hawa miwani, hawa daktari.

Kisha pima uoni wa karibu kwa sentimeta 40. Hapa ndipo kuna kazi nyingi na furaha nyingi. Mzee anakuja na hati yake ya mashtaka imekunjwa mara nne, anaifungua, anaisukuma mbali hadi mkono unamwishia, kisha anakwambia yeye hakusoma sana. Mjaribishe lenzi ya +2.00. Ukiona midomo yake inaanza kutembea taratibu kwenye mstari wa kwanza, nyamaza umwache amalize. Kwa makadirio ya kuanzia, mwenye miaka 40 hadi 45 huhitaji karibu +1.00, miaka 50 karibu +2.00, na aliyepita 60 karibu +2.50; lakini amua kwa kumpima, maana umri wa kwenye faili si wa kutegemewa kila mara.

Angalia mboni kwa kuhamisha tochi kutoka jicho hadi jicho. Mboni inayopanuka mwanga unapoifikia inakuambia mshipa wa fahamu wa jicho hilo au retina ina shida kubwa, hata kama jicho kwa nje ni zuri. Pima presha ya jicho. Watu wengi wako kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, lakini usimwondolee mtu glaukoma kwa namba peke yake bila kuutazama mshipa wenyewe.

Kupanua mboni kunahitaji busara ya pekee. Tropikamaidi humwacha mtu na ukungu wa karibu na mwanga unaochoma kwa saa 4 hadi 6. Uraiani ni usumbufu tu. Gerezani, mtu anayerudi kwenye chumba cha watu wengi huku kila mmoja akijua leo haoni vizuri anaweza kuwindwa. Wapanue asubuhi, warudi pamoja, na askari mratibu ajue majina yao ili wasipelekwe kwenye mashine wala kuitwa kusaini maandishi siku hiyo. Kabla ya tone, mulika jicho kwa tochi kutoka pembeni: chumba cha mbele (nafasi kati ya konea na ile sehemu ya rangi) kikiwa chembamba, kivuli kikilala upande wa pili wa ile sehemu ya rangi, usipanue, mpe rufaa.

Utakutana pia na mtu ambaye majibu yake hayapatani. Anasema haoni hata herufi kubwa kabisa, lakini ameingia akakwepa kiti kilichokaa vibaya. Sogeza chati nusu ya umbali. Anayesema kweli ataona mistari midogo zaidi. Muwekee lenzi mbili zinazofutana nguvu, umwambie hizi zina nguvu sana, uone kama atasoma. Andika ulichokiona tu, bila neno la kumwita mwongo. Wengine wamechoka, wengine wamekata tamaa, na wengine wanatafuta dakika 20 za kuzungumza na mtu asiyevaa sare. Na ukiombwa na askari uthibitishe kwamba fulani anajisingizia, jibu kwamba umekuja kutibu.

Hatua ya 6: Yale yanayojificha gerezani

Majeraha yanaongoza kwa uharaka. Jicho lililotobolewa au kupasuka, usilibonyeze, usiweke dawa yoyote. Lifunike kwa kitu kigumu kisichogusa mboni, hata kitako cha kikombe cha plastiki, mgonjwa asile wala kunywa, na aondoke kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Damu iliyotuama mbele ya mboni baada ya ngumi: kichwa kiinuliwe, asipewe aspirini wala ibuprofeni, na umuulize kuhusu selimundu, maana mwenye selimundu huharibikiwa haraka zaidi. Aliyeanza kuona viwili-viwili baada ya kupigwa huenda amevunjika mfupa wa tundu la jicho, asipenge kamasi.

Chokaa na sabuni kali za kuzibulia mabomba huunguza jicho hadi ndani. Osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 30 angalau, geuza kope la juu, toa chembe zilizonata, kisha osha tena. Kama una karatasi ya kupimia pH (kiwango cha asidi), endelea hadi jicho lifikie 7 na libaki hapo. Kibali cha kutoka kitafutwe wakati maji yanatiririka. Waliopuliziwa dawa ya pilipili waoshwe pia, kisha wakaguliwe kwa fluoresini, kwa sababu wengi hujikwangua konea kwa kujisugua, na aliyepuliziwa kwa karibu sana anaweza kuwa ameumizwa na msukumo wenyewe.

Macho mekundu ya kuambukiza huenea gerezani kwa kasi ya ajabu. Yale ya virusi huweza kuambukiza kwa wiki 2 na hayaponi kwa antibiotiki. Wapime hao mwisho, usiguse macho yao kwa tonometa, nawa mikono kila mmoja anapoondoka, na ncha ya kifaa iliyogusa jicho iloweshwe kwenye maji ya klorini yaliyochanganywa moja kwa kumi kisha isuuzwe. Kuifuta kwa spiriti hakutoshi. Ukipendekeza watengwe, andika wazi kwamba ni kwa matibabu, na kwamba waendelee kupata hewa ya nje, barua na chakula kamili. Vinginevyo kutengwa kutageuka adhabu, na mgonjwa anayefuata atalificha jicho lake.

Kifua kikuu kinakuhusu kwa sababu ya ethambutoli, dawa inayoweza kudhoofisha mshipa wa fahamu wa jicho. Kila anayeanzishwa apimwe uoni na rangi, hasa nyekundu na kijani, kabla ya kuanza. Anayeitumia zaidi ya miezi 2, na mwenye figo mbovu, apimwe kila mwezi. Akianza kuona rangi zimefifia, mwandikie daktari wake siku hiyo hiyo. Mwenye VVU ambaye CD4 zake (chembe za kinga za damu) ziko chini ya 50 achunguzwe retina hata kama halalamiki. Na uvimbe wa ndani ya jicho usioeleweka upimiwe kaswende.

Chakula nacho husomeka machoni. Watu kadhaa wa bweni moja wakisema usiku hawaoni njia ya chooni, fikiria upungufu wa vitamini A, utafute ukavu na mabaka yenye povu kwenye weupe wa jicho. Wanaume hupewa uniti 200,000 siku ya kwanza, ya pili, na tena baada ya wiki 2. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apewe dozi ndogo za kila siku au kila wiki, kwa sababu dozi kubwa hudhuru mimba, isipokuwa konea yenyewe iko hatarini. Kisha andika ripoti inayohusu jiko, kwani vidonge havitapika mboga. Uoni ukififia polepole macho yote mawili bila maumivu, na chakula ni kile kile mwaka mzima, fikiria upungufu wa vitamini B. Kuba ilipata mlipuko wa namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu karibu 50,000 wakaathirika, na lishe duni ilikuwa miongoni mwa sababu.

Akija mtu aliyepoteza uoni ghafla, anaona weupe mtupu kama ukungu, anatapika na kuhema kwa nguvu, muulize faraghani alikunywa nini. Pombe iliyochakachuliwa na vitakasa mikono vyenye methanoli hupofusha na kuua. Mhakikishie kwamba unauliza ili kumwokoa, na umpeleke hospitali bila kungoja vipimo.

Dharura nyingine zilizobaki zibandikwe ukutani mwa zahanati: jicho jekundu lenye maumivu makali, kutapika na duara za rangi kuzunguka taa, kuona kama pazia linashuka au cheche za mwanga, uoni kupotea ghafla kwa aliyepita miaka 50 mwenye kichwa kinachouma.

Hatua ya 7: Miwani

Fremu iwe ya plastiki, mikono isiyo na waya wa chuma ndani, lenzi za polikaboneti. Kioo kikivunjika ni kisu. Leta aina mbili au tatu za fremu, rangi moja isiyo na maana yoyote kwa makundi ya humo ndani. Ukileta kumi utazua biashara, na miwani mizuri itanyang'anywa. Lenzi zenye rangi au zinazobadilika juani kwa kawaida hukataliwa kwa sababu zinaficha macho, hivyo anayezihitaji kwa ugonjwa apate barua yako. Aliyeingia na lenzi za kuvaa ndani ya jicho ahamishiwe miwani: maji ya bomba na lenzi hizo ni njia ya vijidudu vinavyokula konea.

Miwani ya kusomea ya namba zilizo tayari itolewe siku hiyo hiyo. Usimwambie mtu asubiri karakana kwa kitu ulichonacho kwenye boksi. Inayotengenezwa irudi ikiwa kila moja ndani ya mfuko wenye jina na namba, na uikabidhi wewe au muuguzi, mhusika aijaribu hapo hapo kwa chati na kwa karatasi yake mwenyewe, kisha asaini. Kukabidhi kwa kupitia mkono wa tatu ndiko kunakopoteza miwani. Iandikwe kwenye orodha ya mali zake pia, ili isichukuliwe kwenye upekuzi unaofuata kama kitu kisicho na kibali. Wakati wa upekuzi miwani hukanyagwa, kwa hiyo hifadhi namba za kila mtu na akiba ya jozi kadhaa.

Hatua ya 8: Dawa zinazofuata ratiba ya gereza

Glaukoma ndiyo mtihani wenyewe. Ukiandika matone mara 2 kwa siku, kila baada ya saa 12, wakati milango inafungwa saa 10 jioni na kufunguliwa asubuhi, umeandika dawa ambayo haitatumika. Uliza kwanza: dawa inakaa kwa mgonjwa au kwa zahanati? Kama inakaa zahanati, chagua tone la mara moja kwa siku, liwekwe saa ambayo zahanati ipo wazi. Latanoprosti, tone la namna hiyo, hupendekezwa usiku, lakini ikiwekwa kila siku mchana ni bora kuliko usiku mmoja kwa wiki. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye friji. Iliyofunguliwa inakaa nje hadi nyuzi 25, na hutupwa baada ya wiki 4 hadi 6 kama maelekezo yake yanavyosema. Timololi, tone jingine la glaukoma, usimpe mwenye pumu, na pumu uliza mwenyewe, usitegemee faili.

Palipo na leza, ipe nafasi ya kwanza. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2019 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya walioanza kwa leza walidhibiti presha ya jicho kwa miaka 3 bila tone lolote. Kwa mtu asiye na mamlaka juu ya saa yake, hilo ni jambo kubwa sana.

Hatua ya 9: Rufaa na upasuaji

Barua ya rufaa iseme uharaka kwa muda: leo, ndani ya wiki, ndani ya miezi 3. Neno "haraka" peke yake halimsukumi mtu anayepaswa kutafuta gari na askari wa kusindikiza. Tarehe kamili ya safari mara nyingi mfungwa haambiwi kwa sababu za usalama, basi mweleze upasuaji wenyewe na upate ridhaa yake mapema, ili asikutane na kisu kwa kushtukizwa.

Mtoto wa jicho akitolewa, kazi inahamia gerezani kwa wiki 4 hivi: matone, ngao ya jicho usiku, kitanda cha chini, kutofanya kazi ya vumbi, maji safi ya kunawia. Andika hayo kama maagizo ya kitabibu kwa zahanati, tena kwa mstari mmoja mmoja. Jicho likianza kuuma, kuwa jekundu zaidi na kufifia siku chache baada ya upasuaji, arudishwe hospitali siku hiyo.

Hatua ya 10: Kumbukumbu, kuhamishwa na kuachiwa

Faili likae zahanati, lisikae ofisi ya nidhamu. Mfungwa akihamishwa, faili na miwani na dawa visafiri naye; mwombe muuguzi akujulishe majina ya waliohamishwa, umwandikie mwenzako wa gereza la pili. Ripoti kwa mkuu wa gereza iwe na idadi bila majina: waliopimwa, waliopata miwani, waliopewa rufaa na waliofika kweli. Namba ya mwisho ndiyo ya kuijadili. Ukirudi kliniki inayofuata, anza kwa kuwaita waliopewa miwani mara iliyopita uone wangapi wamekuja wameivaa, na uwaulize walioiacha sababu.

Mahabusu anaweza kuachiwa na mahakama bila kurudi gerezani kuchukua chochote. Kwa hiyo mpe kadi yake mwenyewe tangu siku ya kwanza: namba za miwani, ugonjwa, dawa, na kliniki ya macho anayoweza kwenda. Anayekaribia kumaliza kifungo apewe dawa za mwezi mmoja na barua ya rufaa. Barua hiyo iwe na nembo ya huduma yako ya macho, isiwe na jina la gereza popote, ili akifika mapokezi aonyeshe karatasi ya mgonjwa kama wagonjwa wengine.